Bega la Kushoto

Katika jeshi la Marine la Marekani mpishi ni mpiga bunduki, karani ni mpiga bunduki, na fundi wa redio naye ni mpiga bunduki. Mimi nilikuwa dereva wa lori. Kila mwaka, kabla hajatokea mtu wa kuniuliza kama gari limebadilishwa oili, niliulizwa nimepata alama ngapi renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha. Jeshi hilo lilianzishwa Philadelphia tarehe 10 Novemba 1775, na mpaka leo halimwachii kuruta ajiite Marine kabla hajalala kifudifudi na kupiga shabaha iliyo yadi mia kadhaa mbele yake. Nimeanza na hili makusudi. Jirani zangu wa Muheza, kwetu Tanga, wakisikia mtu kaharibikiwa jicho moja kabaki na la pili zima, husema pole, halafu huongeza: lakini si unaona? Ndiyo, naona. Shida ilikuwa ni jicho lipi.

Nilifika Columbus, Ohio, mwaka 1998 kwa bahati nasibu ya grinikadi, nikapanga maboksi ghalani usiku hadi nikachoka na maboksi. Mwaka 2000 nikapanda basi la makuruta kwenda depo ya Parris Island, South Carolina. Mafunzo huchukua wiki 13. Kelele za depo kila aliyepita JKT anazijua, sina haja ya kuzisimulia. Kilichonivunja nguvu zaidi ni miwani. Sisi tusioona mbali tulipewa miwani ya jeshi, fremu nene ya kahawia, mbaya kiasi kwamba askari wenyewe waliiita miwani ya uzazi wa mpango, kwa maana ukiivaa hakuna mwanamke atakayekusogelea.

Kisha ikaja wiki ya nyasi. Wiki nzima hupewi hata risasi moja. Mnakaa kwa duara, katikati kuna pipa jeupe lililochorwa shabaha ndogondogo nyeusi, na mnafyatua bunduki tupu: kwa kukaa, kwa kupiga goti, kwa kusimama, kwa kulala. Mkufunzi wa renji hapigi kelele. Ndiye mtu wa kwanza pale depo aliyezungumza nami kwa sauti ya kibinadamu. Alinifundisha kwamba jicho haliwezi kuona barabara vitu viwili vilivyopishana umbali kwa wakati mmoja. Kwa bunduki ya vilengeo vya chuma, macho yote huwekwa kwenye kilengeo cha mbele, kile kijiti cheusi kilicho karibu na mdomo wa mtutu, na shabaha yenyewe unaiacha na ukungu wake. Makuruta wengi hung'ang'ania kuiona shabaha, na hao ndio wanaokosa. Mimi nilitii tu. Nikatoka na beji ya daraja la juu, nikaandika barua nyumbani kwa majivuno, na mama akajibu kuuliza kama nakula vizuri.

Mwaka 2004 nilikuwa mkoa wa Anbar, Iraki, nikiendesha malori ya mafuta na maji. Watu huuliza kama niliua. Huwa sijibu, na hapa pia sitajibu. Nilirudi mzima, isipokuwa masikio yaliyobaki na mlio mwembamba ambao hauzimiki hadi leo. Uraia nilikuwa nimeupata kabla ya kwenda huko, kwa amri ya Rais Bush ya Julai 2002 iliyowaruhusu wageni waliokuwa jeshini kuomba bila kungoja miaka.

Niliporudi nikapelekwa kufundisha renji ya Stone Bay, Camp Lejeune, na hapo ndipo mashindano yaliponinasa. Marine wana mashindano yao ya kila mwaka kambi kwa kambi. Wanaofanya vizuri huitwa Quantico, Virginia, kwenye timu ya jeshi zima, ambako kuna mafundi wa silaha ambao kazi yao ni kuifanya bunduki ya kawaida ipige mahali pamoja. Mashindano makubwa ya taifa makao yake tangu 1907 ni Camp Perry, ufukweni mwa Ziwa Erie, mwendo wa saa mbili na kitu kutoka ghala nililokuwa nikipanga maboksi. Nimeishi Ohio muda wote ule sijawahi hata kulisikia jina lake.

Niwaeleze yanavyokwenda. Risasi 10 kwa kusimama, yadi 200, dakika 10, hakuna pa kuegemea. Risasi 10 za haraka kwa kukaa, sekunde 60. Risasi 10 za haraka kwa kulala, yadi 300, sekunde 70. Katika hizi za haraka unaanza na magazini ya risasi mbili, unabadilisha, unamalizia nane. Mwisho risasi 20, mojamoja, kwa kulala, yadi 600. Huko mbali duara la alama 10 lina upana wa inchi 12, na upepo wa ubavuni wa maili 10 kwa saa huisukuma risasi zaidi ya futi mbili. Kwa hiyo mtu anayeshinda yadi 600 ni msomaji wa upepo kwanza. Anatazama bendera, anatazama majani, na kwenye darubini anatazama mazigazi, lile joto linalopanda kutoka ardhini na kuinama kulia au kushoto upepo unapogeuka. Wale wanaopata nafasi za juu katika mashindano maalumu hupewa pointi 6, 8 au 10, na ukifikisha 30 unapewa beji ya dhahabu ya mlenga shabaha mashuhuri, ambayo hakuna aliyewahi kuipata kwa kujuana. Nilifikisha mwaka 2009.

Jambo moja la mchezo huu nilieleze mapema, maana linarudi. Risasi ikishatoka, watu walioko shimoni huishusha shabaha, hutia alama kwenye tundu, huipandisha tena. Kabla haijapanda, wewe mpigaji unatakiwa utamke ilikokwenda: saa tatu, kwenye tisa. Huioni risasi, unatamka kwa kukumbuka kilengeo kilikuwa wapi pale kifyatulio kilipoachia. Ukitamka katikati na shabaha ikapanda na alama pembeni, ama hukuwa unatazama, ama unajidanganya, ama bunduki ina hitilafu. Kocha mzuri hukasirishwa na hilo la pili kuliko kukosa.

Jicho liliniharibikia mwaka 2012, Quantico, nikiwa stafu sajenti kwenye timu ile. Nilikuwa mezani usiku nikaona cheche za mwanga pembeni mwa jicho la kulia, kisha vidoa vyeusi vikaanza kuelea. Zahanati niliyokwenda ilinipa matone ya macho makavu na ushauri wa kulala mapema. Siku chache baadaye kivuli kikaanza kupanda kutoka upande wa puani, na asubuhi moja kikawa kimefika katikati. Ilikuwa retina imebanduka, na imebanduka hadi pale katikati panapoona vitu kwa ukali. Daktari bingwa alinieleza kwamba macho kama yangu, yasiyoona mbali kabisa bila miwani, huwa yamerefuka na retina yake imevutika ikawa nyembamba. Ikichanika, majimaji huingia nyuma yake na kuibandua. Ewe unayesoma, ukiona cheche na vidoa vya ghafla, usingoje Jumatatu. Ikishikwa kabla haijafika katikati, wengi hubaki na uwezo wao wa kuona.

Walinifanyia upasuaji: wakatoa ute wa ndani ya jicho, wakairudisha retina mahali pake, wakaishikiza kwa miale ya leza, wakajaza jicho gesi ili iikandamize mpaka ishike. Gesi hupanda juu, kwa hiyo nyuma ya jicho lazima pawe juu. Maana yake ulale kifudifudi, ule kifudifudi, uzungumze kifudifudi, mchana na usiku. Mkononi nikafungwa bangili ya plastiki ya kuwaonya watu wasinipandishe ndege, kwa sababu juu angani gesi hiyo hutanuka na inaweza kuliua jicho.

Mke wangu alikodi kiti chenye tundu la uso. Dunia yangu ikawa kipande cha zulia. Watanzania wa Woodbridge na vitongoji vyake walikuja kwa zamu na pilau na chapati, na nilijifunza kuwatambua kwa viatu. "Shikamoo mama," nilikuwa naiambia kandambili ya bluu, na kandambili ya bluu inaitikia marahaba. Wanaume walikaa sofani wakazungumza na kisogo changu, hawajui waangalie wapi. Mama mmoja mtu mzima, ambaye kwa umri ni sawa na mama yangu mzazi, alivua viatu, akakunja khanga yake, akalala chali chini ya kile kiti ili anione uso. "Pole baba," akasema kutoka chini, "sasa tuzungumze." Watoto wangu wakaona ni mchezo mzuri, tangu siku hiyo kazi za shule walizifanyia pale chini, wamelala migongo, wakinionyesha daftari.

Wageni wengine walileta hadithi. Rafiki wa timu alinieleza habari za Károly Takács, askari wa Hungaria aliyeharibiwa vibaya mkono wa kulia na guruneti mwaka 1938, akajifunza bastola kwa mkono wa kushoto, akachukua dhahabu ya Olimpiki London mwaka 1948 na tena Helsinki mwaka 1952. Ni habari ya kweli, na ilinikera. Mgonjwa hupewa hadithi za walioshinda utadhani ni vidonge, na akishindwa kupona kwa mfano huo anabaki na ugonjwa pamoja na aibu.

Aliyenikaa kichwani alikuwa Carlos Hathcock. Quantico huwezi kupita bila kumsikia. Kijana wa Arkansas aliyejiunga na Marine mwaka 1959, akashinda Kombe la Wimbledon la yadi 1,000 hapo Camp Perry mwaka 1965, kisha Vietnam akawa mdunguaji, na hesabu yake ya watu 93 ndiyo inayokaririwa na vijana. Mimi nilikuwa nafikiria yaliyofuata. Mwaka 1969 gari la deraya alilopanda lilikanyaga bomu likawaka moto. Akawavuta wenzake nje, yeye akaungua vibaya sana. Baadaye akagunduliwa ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoitwa multiple sclerosis. Alisaidia kujenga shule ya wadunguaji huku mwili unamkatalia, na mwaka 1979 jeshi likamstaafisha kwa ugonjwa zikiwa zimebaki siku 55 tu atimize miaka 20. Akaanguka katika huzuni kubwa. Kilichomtoa, kwa habari zake zilizoandikwa, ni kwenda baharini Virginia kuvua papa.

Siku 55. Mimi nilikuwa na miaka 12 kazini. Wakati ule Marine mwenye miaka 20 aliondoka na pensheni ya karibu nusu ya mshahara wake wa msingi. Mwenye 12 hana haki hiyo ya kawaida, na hatima yake huwa mikononi mwa bodi ya madaktari. Nilikuwa na watoto watatu, ada ya mdogo wangu pale Tanga, na mama anayengoja dawa za presha kila mwezi. Nikilala pale kifudifudi sikuwa nawaza nishani wala heshima. Nilikuwa nawaza hesabu.

Gesi ilipungua wiki kwa wiki. Niliuona ukingo wake ukitikisika kila nilipogeuza shingo, ukizidi kushuka, mpaka siku moja haupo. Nikaziba jicho la kushoto nikatazama fremu ya mlango. Mlango ulikuwa na kiuno. Kila mstari ulionyooka ulikuwa umepinda pale pale katikati nilipoutazama. Fundi wa silaha wa timu, mzee mpole, aliniletea bunduki tupu sebuleni bila kusema neno. Nikaishika begani nikatazama kilengeo cha mbele, kile kijiti nilichofundishwa kukiona kabla ya kitu kingine chochote, nikakikuta kimeinama kama mnazi wa Pangani ulioelemea baharini. Miezi michache baadaye ukafuata ugonjwa wa mtoto wa jicho, jambo la kawaida baada ya upasuaji ule. Wakauondoa. Mnazi ukabaki umeinama.

Bodi iliniweka kwenye kazi nyepesi, karatasi na makabati, huku ikisubiri kuona. Ndipo nikaanza bega la kushoto, nilenge kwa jicho lililobaki zima.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa hana mchezo na mkono wa kushoto. Kupokea kitu kwa kushoto, kumpa mtu mzima kitu kwa kushoto, kugusa chakula kwa kushoto, yote hayo yalikuwa na fimbo yake. Nilipompigia mama simu kumweleza ninachokusudia alinyamaza kidogo, akauliza, "Mwanangu, unataka kuwa mashoto na ndevu zimeshaota?" Hakuwa anatania sana. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umelelewa uwe mjinga. Ulijua kushika mtutu na kutulia. Sasa niliutaka ufanye kazi nyembamba kuliko zote, kuvuta kifyatulio bila bunduki nzima kujua.

Gereji yetu ina boila la maji, refu na jeupe. Nikalichora vidoa vyeusi kwa kalamu ya wino. Kila usiku baada ya watoto kulala nilishuka na bunduki tupu, nikakaa sakafuni, nikafyatua. Mke wangu alifungua mlango mara moja akaniangalia, akacheka: "Baba watoto, si ulishamaliza depo wewe?" Alikuwa na haki ya kucheka. Shavu halikujua pa kuketi kwenye kitako. Mkanda uliokuwa ukinibana mkono wa kushoto sasa ulibana wa kulia, na vidole vikafa ganzi sehemu mpya. M16 imeumbwa kwa mtu wa kulia: swichi ya usalama iko chini ya gumba la kulia, kitufe cha kuachia magazini kiko chini ya kidole cha shahada cha kulia, na maganda hutoka upande wa kulia, yaani mbele ya pua ya mtu wa kushoto. Afadhali toleo la A2 liliongezewa kibati nyuma ya tundu kinachoyarusha mbele. Ule mpango wa magazini ya mbili na ya nane, ambao zamani mikono iliufanya yenyewe, nilirudi kuufanya kwa kutaja hatua mojamoja kwa sauti.

Na kila nilipofyatua nilitamka. Bunduki tupu haina shimo la kukusahihisha, ila kilengeo hutikisika au hakitikisiki, nawe umeona. Chini kulia. Chini kulia. Sijui, nilifumba jicho. Chini kulia. Nilizungumza hivyo peke yangu gerejini hadi majira yakabadilika, na naamini ndiko kulikoniponya na jambo ambalo madaktari hawakuwa nalo dawa. Miezi ile watu walikuwa wakiniuliza hali nami najibu "nzuri tu," kama Mswahili yeyote. Mke wangu aliponiuliza usiku mmoja nikamjibu kwa mtindo wa gerejini: leo nimeogopa tangu asubuhi, sijui sababu. Akasogea tukazungumza. Jumapili, kanisani, waliponipa nafasi ya kushuhudia wakitaraji niseme Bwana kanirudishia jicho, nilisema hajalirudisha, ila nimepata usingizi. Mchungaji alikohoa kidogo. Kina mama wakapiga vigelegele hata hivyo.

Bodi iliniona nafaa kubaki, kwa kuwa jicho la kushoto na miwani yake lilitosheleza masharti. Timu haikunirudisha kama mshindani. Nilirudi kama mkufunzi, na mashindano nikaingia kwenye mkia pamoja na makoplo. Kocha wangu wa msimu ule alikuwa sajenti kijana niliyemfundisha mwenyewe kusoma mazigazi. Aliniita Stafu kwa heshima zote, kisha akanilaza chini na kunipigapiga kisigino cha kulia nikitandaze. Sikuwahi kupata alama mbaya namna ile tangu nivae magwanda. Nilizitamka.

Mwaka 2016 kanuni za mashindano ya bunduki za kijeshi ziliruhusu darubini ya kulengea, ukuzaji usiozidi mara 4.5. Wazee wa mchezo walishangilia maana macho yao yalikuwa yamechoka na vilengeo vya chuma. Baadhi ya vijana walinong'ona kwamba mchezo umeharibiwa. Mimi naona wameurudishia watu wake, lakini mimi ni mtu mwenye masilahi katika shauri hili, msinisikilize sana.

Mwaka uliofuata nililala yadi 600 za Camp Perry kwa bega la kushoto. Ziwa Erie lilikuwa nyuma ya shabaha na upepo wake haukai. Risasi nzito za yadi 600 ni ndefu mno haziingii magazini, kwa hiyo unazitia chemba mojamoja kwa mkono, unafunga, unatulia, unatazama bendera, unafyatua, unatamka. Nilipofika katikati ya zile 20 nikagundua sijaufikiria mkono wangu tangu ya kwanza; nilikuwa nabishana na upepo tu. Alama zangu zilikuwa chini ya zile za zamani. Aliyelala jirani yangu, askari wa jeshi la nchi kavu, alinishinda, akaniuliza kama nimezaliwa mashoto. Nikamwambia ndiyo, mwaka 2012.

Nilistaafu mwaka 2020, miaka 20 kamili, nikiwa na cheo cha gunnery sergeant. Safari za ndege zilipofunguka nikaenda Muheza na mke na watoto. Shangazi, mkubwa wa mabinti wa bibi, alinipa kikombe cha chai, nami nikakipokea kwa mkono ulio karibu. Kofi alilonipiga mgongoni mwa mkono wa kushoto lilisikika mpaka jikoni. Nikakipokea tena kwa wa kulia, nikaomba radhi, na watoto wangu wakacheka mpaka wakatolewa nje.